Springi, gesi au mtungi: kuchagua bunduki ya upepo kwa mtu wa Tanga

Anayetaka bunduki ya upepo huku kwetu huuliza kwanza ipi ina nguvu zaidi. Swali hilo limewafanya wengi watoe hela nyingi wakapata chombo kizito, kigumu kukoki, kisicholenga. Mimi ningependa uanze kwa maswali mengine: unataka kupiga nini, ukiwa umbali gani, na siku ikiharibika nani Tanga ataitengeneza? Ukiyajibu kwa ukweli, nusu ya bunduki zilizo sokoni zitajiondoa zenyewe.

Wanaouliza ni wa namna tatu. Wapo wenye mashamba, machungwa Muheza, minazi Pangani, mahindi na kuku Pongwe na Mabokweni, ambao shida yao ni panya ghalani na kunguru wanaobeba vifaranga. Wapo wanaotaka kulenga shabaha kama mchezo, uani kwao, jioni baada ya kazi. Na wapo wachache wanaotaka kitoweo: njiwa, kanga, kororo, sungura. Kila mmoja ana bunduki yake, na wa tatu ndiye mwenye mambo mengi ya kufikiri kuliko anavyodhani.

Kibali kabla ya hela

Usimsikilize muuzaji anayesema "hii ni ya upepo tu, haina mambo ya kibali". Umiliki wa silaha nchini unasimamiwa na Sheria ya Udhibiti wa Silaha na Risasi ya mwaka 2015, na mlango wa kuanzia ni polisi wa wilaya yako. Nenda kituoni na maelezo ya bunduki unayoitaka, aina, kipenyo na nguvu yake, upate jibu kabla hujalipa hata senti, hasa kama unaagiza kutoka nje.

Kuwinda ni jambo jingine tena. Sheria ya Uhifadhi wa Wanyamapori Na. 5 ya mwaka 2009 inataka leseni, na inayohusika ni TAWA, mamlaka ya usimamizi wa wanyamapori. Kanga hawi wako kwa sababu amekula mahindi yako. Saadani ni hifadhi ya taifa, Amani ni hifadhi ya mazingira asilia: huko usipeleke bunduki kabisa. Kima, ngedere, mbega na komba wasiguswe. Achilia mbali sheria, risasi ya upepo haimuui kima. Inamwacha na jeraha linalooza kwa siku nyingi, na huo ni ukatili ambao hakuna mavuno yanayouhalalisha.

Springi

Hii ndiyo bunduki ya upepo waliyoizoea wazee wetu. Ndani mna springi nene na pistoni. Ukiukunja mtutu, unaibana springi. Ukifyatua, pistoni inaruka mbele, inaibana hewa, na hewa inaitoa risasi. Basi. Hakuna mtungi, hakuna geji, hakuna cha kujaza. Ukiwa na kopo la risasi mfukoni, unaweza kukaa shambani Maramba wiki nzima.

Majina yanayoaminika katika kundi hili ni ya Kijerumani: Diana, kampuni iliyoanza Rastatt mwaka 1890, na Weihrauch, iliyoanza mwaka 1899. Diana 34 imekuwa sokoni tangu miaka ya 1980, na HW35 ya Weihrauch tangu miaka ya 1950. Umri huo una maana kwa mnunuzi wa Tanga: vipuri vyake vinajulikana, na fundi yeyote wa silaha aliyefungua moja ameifahamu kazi. Gamo ya Hispania na Hatsan ya Uturuki ni nafuu zaidi, na zinafaa, ila kifyatulio chake mara nyingi ni kizito zaidi na kinahitaji mkono uliozoea.

Shida ya springi ni teke lake. Inapiga mara mbili: kwanza nyuma pistoni inapoondoka, kisha mbele inapogonga mwisho wa chumba chake. Yote hayo yanatokea risasi ikiwa bado ndani ya mtutu. Ndiyo maana mtu aliyezoea bunduki ya baruti, anayeikumbatia bunduki begani kwa nguvu zote, akipewa springi risasi zake hutawanyika. Springi haitaki kubanwa. Ilaze juu ya kiganja kilicho wazi, iguse bega kidogo, iache iruke itakavyo, mradi iruke vilevile kila mara. Hilo linachukua wiki kadhaa za mazoezi na hakuna njia ya mkato. Lakini aliyejifunza kulenga na springi hashindwi na bunduki nyingine yoyote ya upepo.

Teke hilo la mbele ndilo pia linaloua darubini. Darubini ya bunduki ya baruti imejengwa kuhimili teke la nyuma tu. Ukiifunga kwenye springi, vioo vyake hulegea ndani hata kama iligharimu hela nyingi. Nunua iliyoandikwa wazi kuwa ni ya bunduki ya upepo, au baki na vilengeo vya chuma vinavyokuja nayo. Kwa panya na kunguru wa mita 20 vilengeo hivyo vinatosha kabisa.

Usifyatue springi tupu bila risasi, kwa kuwa pistoni itagonga chuma kwa chuma. Usiiache imekokiwa saa nzima ukimsubiri kunguru, springi itachoka. Na usitie mafuta ya injini kwenye chumba cha hewa: yanawaka kwa mbano, unasikia mlio mkubwa na kuona moshi, ukadhani bunduki imepata nguvu, kumbe sili, ile pete ya pistoni inayozuia hewa isivuje, inaungua.

Gesi

Nje huwezi kuitofautisha na springi. Ndani, badala ya springi ya chuma, kuna silinda iliyofungiwa gesi, kwa kawaida naitrojeni. Gesi haichoki, kwa hiyo unaweza kuikoki ukasubiri. Haitetemi wala haina mlio wa waya unaokwaruza, na mfyatuko wake ni wa haraka. Kwa anayekaa chini ya mwembe alfajiri akisubiri kunguru watue, hilo ni jambo kubwa.

Hata hivyo, kwa Tanga mimi naipendelea springi. Silinda ya gesi ikivuja haitengenezwi, inabadilishwa nzima, na mpya itabidi iagizwe nje. Springi ikikatika, fundi anaifungua, anaweka nyingine, mnamalizana. Pia gesi ni ngumu kukoki tangu mwanzo hadi mwisho wa mkunjo, wakati springi huanza laini. Mtu mwenye nguvu hataona tofauti. Mzee au kijana mdogo ataiona kuanzia risasi ya kumi. Kama una ndugu anayesafiri mara kwa mara na anaweza kukuletea kipuri, basi gesi ni chaguo zuri.

Mtungi

Hapa bunduki ina mtungi wake mdogo chini ya mtutu, unajazwa hewa hadi bar 200 (bar ni kipimo cha mbano) au zaidi, kisha unapiga makumi kadhaa ya risasi kabla ya kujaza tena. Haina teke. Inalenga kama ilivyoelekezwa, na anayeshika bunduki kwa mara ya kwanza anaweza kutoboa tundu juu ya tundu. Ukiona mashindano ya Olimpiki ya mita 10, bunduki zote pale ni za namna hii.

Kwa nini basi siipendekezi kwa kila mtu? Kwa sababu ya hewa. Kompresa ya mtu wa tairi pale barabarani hutoa bar 8 au 10 hivi, haifiki popote. Pampu ya mkono ya bunduki inafika, lakini kuanzia bar 150 unaisukuma kwa uzito wa mwili wote. Na hewa ya Tanga ina maji. Unyevu huo unabanwa pamoja na hewa, unaingia mtungini, chuma kinaanza kuliwa kutu kutoka ndani usikokuona. Anayetumia pampu ya mkono pwani lazima awe na kichujio cha unyevu, apumzike kila baada ya dakika chache pampu ipoe, na atoe maji kabla ya kuendelea.

Njia bora ni mtungi wa kuzamia. Ukanda huu una wapiga mbizi, upande wa Ushongo na Maziwe, na anayekaa karibu nao akaelewana nao amepona nusu ya tabu. Ila fanya hesabu: mtungi wa kuzamia wa alumini hujazwa takriban bar 207. Mara ya kwanza utaijaza bunduki hadi 200. Mara ya pili kidogo chini yake, ya tatu chini zaidi, kwa kuwa mtungi mkubwa nao unashuka. Bado ni risasi nyingi, lakini bunduki iliyotengenezwa kufanya kazi kwa bar 300 hutaitumia hata siku moja ipasavyo. Chagua ya bar 200. Na kichwa cha kujazia kilingane na valvu ya mtungi wa watu hao, kakitazame kwanza kwa macho yako.

Nisemalo sasa lisipuuzwe: usiijaze bunduki kwa oksijeni ya fundi wa kuchomelea wala ya hospitali. Oksijeni ya mbano mkubwa ikikutana na mafuta kidogo tu yaliyo kwenye valvu, inalipuka mikononi. Hewa safi, basi.

Zipo pia za gesi ya kaboni (CO2), zile za vichupa vya gramu 12. Kwa pwani siziafiki. Mbano wake unapanda na kushuka kwa joto la siku, na juu ya nyuzi 31 gesi hiyo haibaki tena kimiminika chupani. Januari na Februari Tanga inavuka hapo mchana, achilia mbali ndani ya gari lililoachwa juani. Risasi ya asubuhi na ya adhuhuri hazitui mahali pamoja.

Nne na nusu au tano na nusu

Vipenyo viwili vinatawala: milimita 4.5 na milimita 5.5. Watu hubishana sana juu ya hili, na jibu linategemea kazi yako.

Risasi ya 4.5 ina uzito wa takriban nusu gramu, ya 5.5 gramu moja hivi. Kwa bunduki mbili zenye nguvu sawa ya jouli 16 (jouli ni kipimo cha nguvu ya risasi inapotoka mtutuni), ile nyepesi hutoka kwa karibu mita 255 kwa sekunde na nzito kwa karibu mita 180. Sasa zirekebishe zote zilenge sawasawa mita 25. Mlengwa akiwa mita 40, ya 4.5 itakuwa imeshuka sentimita 4 au 5 chini ya alama, ya 5.5 itakuwa imeshuka 8 hadi 10. Kichwa cha njiwa hakina hata sentimita 3. Kwa hiyo ukikosea kukadiria umbali, 4.5 inakusamehe zaidi.

Upepo nao una hukumu yake. Kusi ikivuma Mei na Juni, risasi nyepesi inasukumwa, na ukipiga karibu na ufuko utaona inahama. Asubuhi mapema kabla upepo wa bahari haujaamka ndiyo saa ya kulenga, kwa kipenyo chochote.

Ikifika mwilini, 5.5 inafanya kazi zaidi. Inatoboa tundu pana na inaacha nguvu yake ndani ya mnyama badala ya kupita moja kwa moja. Panya buku aliyepigwa na 4.5 pembeni kidogo ya kichwa anaweza kukimbilia shimoni, kwa 5.5 uwezekano huo ni mdogo. Ndiyo maana kwa shamba nasema 5.5, na kwa shabaha nasema 4.5, ambayo pia kopo lake huwa na risasi nyingi zaidi, na mchezo wa shabaha unakula risasi. Anayetaka yote mawili kwa bunduki moja, achukue 5.5 na asipige kupita mita 30.

Kabla ya kuamua, uliza kipenyo gani kinapatikana hapa bila kusubiri mtu atoke Dar. Bunduki isiyo na risasi ni fimbo ghali. Kwa karatasi tumia zenye kichwa bapa, zinakata tundu safi. Kwa umbali wa zaidi ya mita 15 tumia zenye kichwa cha mviringo. Zenye ncha kali zinavutia machoni dukani, lakini mara chache hulenga vizuri kuliko za mviringo. Na risasi hizi ni madini ya risasi kweli: osha mikono kabla ya kula, usizishike mdomoni, watoto wasizichezee.

Namba iliyo kwenye boksi

Boksi litakuambia mita 365 kwa sekunde kwa herufi kubwa. Namba hiyo hupatikana kwa risasi nyepesi za aloi ambazo hutazitumia, na hata ukizitumia zinavuka kasi ya sauti, ambayo kwa joto letu ni karibu mita 349 kwa sekunde, zinayumba na kupoteza shabaha. Bunduki za Olimpiki zina jouli 7.5 hivi tu, na kitovu chao cha alama kumi ni nukta ya nusu milimita. England watu wanawinda njiwa na sungura kwa bunduki zisizozidi jouli 16.3, mpaka uliowekwa na sheria yao kwa asiye na cheti maalumu. Kwa hiyo kati ya 16 na 20 unatosheka. Magnamu za springi, yaani zile zenye nguvu kubwa kama Hatsan 125, zenye uzito wa karibu kilo 4, zina nguvu kuliko hapo, ila teke lake linamshinda mpigaji wa kawaida, na nguvu isiyofika kwenye kichwa cha kunguru haina kazi.

Tahadhari moja kwa wanaonunua iliyotumika kutoka Ujerumani: tafuta alama ya herufi F ndani ya umbo la pembe tano. Maana yake bunduki hiyo haizidi jouli 7.5. Kwa shabaha uani ni nzuri mno, hata bora kuliko yenye nguvu. Kwa kunguru aliye juu ya mnazi haifai, itamjeruhi tu.

Kunguru, panya na kitoweo

Hawa kunguru weusi wenye shingo ya kijivu si ndege wetu. Waliletwa Zanzibar kutoka Bara Hindi miaka ya 1890, wakaenea pwani nzima, na wanawamaliza ndege wadogo wa asili kwa kula mayai na makinda yao. Sioni ubaya wa mkulima mwenye kibali kuwapunguza. Ila ni werevu, wanaikumbuka bunduki na aliyeibeba, na baada ya wawili kuanguka wengine hawatui tena ukiwepo. Mara nyingi hilo pekee linatosha kuokoa vifaranga.

Angalia kilicho nyuma ya ndege kabla ya kufyatua. Risasi iliyokosa hewani inakwenda mamia ya mita na itatua mahali. Ngamiani na Chumbageni nyumba zimebanana, huko usipige juu kabisa. Piga shabaha tu, mita 10, nyuma yake kiroba cha mchanga au boksi lililoshindiliwa matambara, na ukuta wa matofali nyuma yake tena.

Sasa anayetaka kitoweo. Pwani yetu ni ya Waislamu wa Kishafii kwa wingi, na masheikh wetu wengi wanafundisha kwamba mnyama aliyekufa kwa kishindo cha risasi kabla ya kuwahiwa kuchinjwa ni kibudu. Wapo wanazuoni wenye rai nyingine, kwa hiyo muulize shehe unayemwamini. Lakini tazama hali inavyokuwa: bunduki ya upepo inaua kwa huruma ikipiga kichwani, na kichwani ndege hufa hapohapo, hujawahi kisu. Ukipiga mwilini ili umkute hai, unamtesa, na mara nyingi anaruka akafie vichakani. Kwa mwenye kufuata mafundisho hayo sioni namna ya kuipatanisha bunduki hii na kitoweo bila kumwonea ndege. Afuge kanga, wanafugika vizuri Tanga. Bunduki aiache kwa panya na shabaha. Asiyebanwa na hilo, akiwa na leseni, achukue 5.5, awe karibu, na apige kichwa tu.

Chumvi, na kununua iliyotumika

Kitako cha mbao ni kizuri kushika, lakini kwa anayekaa Raskazone au Pangani mjini nashauri plastiki: mbao hunywa unyevu na skrubu hulegea. Chuma kiko hatarini zaidi. Jasho la mkono na hewa ya bahari vinatosha kutia kutu usiku mmoja, kwa hiyo futa kwa kitambaa chenye mafuta mepesi kila ukimaliza, na usiihifadhi ndani ya mkoba wa kitambaa kilichonyonya unyevu.

Ukipewa iliyotumika, ikoki polepole usikilize. Mkwaruzo ni springi iliyokatika au kupinda. Funga mtutu kisha ujaribu kuusukuma kulia na kushoto: ukicheza, haitalenga kamwe. Nusa mdomo wa mtutu; harufu kali ya mafuta yaliyoungua inakuambia sili imechoka, jambo linalotengenezeka na la kupunguziwa bei. Piga risasi kumi kwenye karatasi mita 10, ukiwa umeketi na mkono juu ya begi. Zikikusanyika ndani ya sarafu ya shilingi mia mbili, mazungumzo ya bei yaanze. Ya mtungi ifuate geji yake kwa saa 24 kabla ya kulipa: sindano ikishuka, kuna oringi, pete ya mpira ya kuzuia hewa, inayovuja. Na karatasi za umiliki zihamishwe polisi, wewe na muuzaji mkiwa mmekaa benchi moja, kabla bunduki haijabadili mikono.